Maji ya Kupozea Injini za Vyombo

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuja kwa tanga, na nahodha wa siku zile alitakiwa kujua upepo, mkondo na nyota. Maji ya bahari hayakuwa na kazi ila kubeba chombo. Siku hizi, katika vyombo vingi vipitavyo baina ya Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko, Kiswere, Mchinga na Lindi, maji hayo yamepewa kazi ya pili, nayo ni kupoza injini na bomba la moshi. Kazi hii haionekani, na kwa hiyo wengi hawaikumbuki mpaka siku inapokoma. Twaona yafaa kuieleza, maana si mabaharia peke yao wanaopanda vyombo. Walimu, wagonjwa na wenye biashara nao ni abiria, na abiria ajuaye dalili aweza kumwambia nahodha mapema.

Mafuta yanapoungua ndani ya injini ya dizeli, yapata theluthi moja tu ya nguvu ya moto wake hugeuka kuwa kazi ya kuzungusha rafadha. Sehemu iliyobaki ni joto tupu, na joto hilo hapana budi litoke, baadhi yake kwa maji na baadhi kwa moshi. Pampu huvuta maji ya bahari kwa tundu lililo chini ya chombo; maji hupita kwenye bilula, au koki kama mafundi wasemavyo, kisha kwenye chujio, kisha kwenye pampu yenyewe, na kuizunguka injini au kupita katika sanduku la mirija lipozalo maji matamu ya ndani. Mwisho maji yale yale hunyunyizwa ndani ya moshi kwenye kiwiko cha bomba, yaani egzosi, na vyote viwili hutoka pamoja nyuma ya chombo. Moshi utokapo katika injini una joto la digrii mamia kadhaa, nao bomba linaloupeleka nje, katika vyombo vingi, ni la mpira. Mpira huo hauungui kwa sababu moja tu, ya kuwa umelowa.

Basi desturi ya kwanza ya nahodha mwema ni kutazama nyuma kila awashapo injini, kabla ya kung'oa nanga. Maji yatoke kwa mikupuo, yakitemwa pamoja na moshi. Yakipungua, sauti hugeuka. Ile sauti nzito yenye maji huwa kavu na ya kukwaruza, na mtu mwenye masikio huisikia mapema kuliko kipimo cha joto kionyeshavyo. Mvuke mweupe mwingi usiokoma ni dalili ya maji machache yanayochemka njiani. Asubuhi ya baridi ya kusi mvuke kidogo si ajabu. Ama moshi mweusi ni habari nyingine, ya mafuta au ya mzigo mkubwa.

Sisi wenyewe tulipata funzo hili tukitoka Songo Mnara kwenda Kilwa Masoko, wakati maji yakipwa. Katika abiria alikuwamo mama mmoja aliyekuwa akimpeleka mtoto wake mwenye homa hospitali. Tulisikia sauti ya injini imekauka, tukatazamana, wala hapana aliyesema neno, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenye chombo anajua zaidi. Baada ya kitambo kidogo harufu ya mpira unaoungua ilijaa chomboni, na moshi ukaanza kutokea chini ya mbao. Injini ikazimwa. Tanga halikuwamo, kasia lilikuwa moja, na mkondo ukatuchukua kuelekea mikokoni. Tulitia nanga tukangoja saa tatu mpaka dau moja la wavuvi likatufunga kamba. Mtoto alifika jioni badala ya asubuhi, akapona. Chini ya chombo kilikutwa kipande cha mfuko wa plastiki kimejibandika penye tundu la maji, basi! Mifuko ya kubebea ya namna hiyo ilikatazwa nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini bahari haikusomewa tangazo, na ya zamani ingali ikielea.

Kutafuta kosa kwafaa kufuate njia ile ile ya maji, kuanzia baharini, maana sababu nyingi ziko mwanzoni mwa njia, nazo ni rahisi kuondoa. Je, bilula imefunguliwa? Swali hili laonekana la kitoto, lakini mafundi wengi wameitwa kutoka mbali kuja kufungua bilula. Kisha tundu la chini litazamwe. Pwani yetu ina matope mengi; Matandu, Mavuji na Lukuledi hushusha maji mekundu wakati wa masika, na chombo kilichokaa juu ya tope wakati wa kupwa huvuta tope hilo kikielea tena. Majani ya mikoko, mwani, na vile vijikombe vigumu vinavyoganda chini ya chombo kisichopakwa deheni mpya, vyote huziba. Chujio lifunguliwe, lioshwe, na kifuniko kirudishwe na gasketi yake nzima, kwa kuwa kifuniko kinachopitisha hewa ni kibaya sawa na tundu lililozibwa. Pampu ipatayo hewa haivuti maji.

Iko njia rahisi ya kugawa tatizo mara mbili. Funga bilula, ondoa mpira wa maji unaotoka huko, utie ndani ya ndoo iliyojaa maji, kisha washa injini kidogo. Ndoo ikikauka upesi na maji yakatoka nyuma kwa nguvu, pampu ni nzima na kosa liko upande wa bahari. Ndoo isipopungua, kosa liko kwenye pampu au mbele yake.

Ndani ya pampu mna kigurudumu cha mpira chenye ndimi, nacho huitwa impela. Ndimi hizo hulainishwa na maji yale yale yanayosukumwa. Zikizunguka kavu, hata kwa dakika chache, huungua na kukatika. Kwa hiyo injini iliyokosa maji kwa sababu ya jani huweza kuendelea kukosa hata baada ya jani kuondolewa, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Fungua kifuniko cha pampu, baada ya kutazama kama mkanda wake haukulegea, uhesabu ndimi. Zikipungua, vipande vilivyokatika vitafutwe mbele, katika mirija na mapindo ya bomba, mpaka hesabu itimie. Maana kipande kilichoachwa kitaziba siku nyingine. Impela mpya ipakwe sabuni ya maji au gliserini, isipakwe grisi ya mafuta ambayo huweza kuharibu mpira.

Pampu ikiwa njema na maji bado ni haba, tazama kiwiko. Hapo chumvi ya maji hukutana na masizi ya moshi, vikashikamana kama mawe, na tundu lililokuwa pana likabaki la kupita kidole. Injini zipozwazo na maji ya chumvi moja kwa moja zisiachwe kupita sana digrii 60, kwa kuwa juu ya hapo chumvi na chokaa huganda ndani ya njia zake.

Sasa twaja kwenye kosa ambalo huleta hasara kubwa kuliko yote. Injini ikikataa kuwaka, wengine huizungusha tena na tena kwa stata. Kila mzunguko pampu huleta maji, wala hapana moshi wa kuyasukuma nje. Basi maji hujaa katika bomba, yakapanda, yakaingia ndani ya silinda. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta, mkono wake hupinda, na injini imekwisha. Anayezungusha kwa muda mrefu afunge bilula, aifungue mara injini ishikapo.

Injini zilizotundikwa nyuma ya boti zina kitundu kidogo kitemacho uzi wa maji. Uzi ukikoma, zima, uchokoe kitundu kwa waya mwembamba. Mara nyingi ni chembe ya mchanga tu. Nchi kavu injini hizi zisijaribiwe ila ndani ya pipa la maji.

Injini iliyokwisha pata moto isimwagiwe maji baridi, maana chuma huweza kupasuka, wala kifuniko cha maji matamu kisifunguliwe mpaka ipoe. Na bomba la mpira likitoboka, abiria wasilazwe ndani, hasa watoto. Katika moshi mna hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua mtu usingizini.

Impela ya akiba iwekwe chomboni, mbali na mafuta na jua, pamoja na gasketi na bisibisi ya kufungulia kifuniko. Chombo kikipandishwa pwani kwa miezi, kama wengi wafanyavyo wakati kusi ni kali, impela itolewe na kutunzwa peke yake, kwa kuwa ndimi zilizokaa zimepindwa mahali pamoja husahau kunyooka.