«Hapana» Yake Waliisikia?

Wewe baba, wewe mama, na ninyi vijana wenye kupenda filme za wafalme na majoka yenye kutema moto, tunawauliza jambo moja. Mwanamke akishikwa kwa nguvu katika ile filme, kamera inaangalia uso wa nani?

Tukamate Game of Thrones, filme ya Marekani iliyopita kwa televizio tangu 2011 mpaka 2019. Ilitoka katika vitabu vya George R. R. Martin. Katika mwaka 2014 walionyesha Jaime na Cersei, pacha wake, kando ya maiti ya mtoto wao (ndiyo, ndugu na dada, jamaa ile ilikuwa na mambo mengi, tuache). Cersei anakataa. Anasema hapana, anasema si vizuri, anarudilia. Jaime hasikii. Nyuma ya pale mwongozaji wa kipindi kile, Alex Graves, alieleza kwamba mwishoni Cersei alikuwa amekubali. Alikubali wapi? Mwenye kuangalia hasikii «ndiyo» hata moja. Kitabuni Cersei anaanza kwa kukataa, kisha anasema wazi kwamba anataka. Watu wa filme walitosha yale maneno, wakafikiri maana imebaki. Haikubaki! Na vipindi vilivyofuata viliendelea sawa vile hakuna kitu kilichotokea. Kijana wa miaka 16 aliyeketi pale anajifunza kwamba hapana ya mwanamke ni mlango usiofungwa vizuri: ukisukuma, utafunguka.

Mwaka 2015 walirudi tena. Safari hii ni Sansa, usiku wa ndoa yake na Ramsay. Kitabuni si Sansa, ni binti mwingine, Jeyne Poole. Waandikaji wa filme walichagua kumweka Sansa pale. Theon analazimishwa kusimama na kuangalia, na kamera inamwacha Sansa, inabaki kwa uso wa Theon mwenye kulia. Wengine walisema ni heshima, hawakuonyesha mwili. Sawa. Lakini uchungu ni wa Sansa, na sisi tunapewa machozi ya mwanaume. Watu wengi walikasirika. Hata Claire McCaskill, aliyekuwa seneta kule Marekani, alisema hataiangalia tena.

Kuna mtu atasema: lakini alikuwa bibi yake! Ndiyo. Na ilikuwa kwa nguvu. Pete haikumfunga kinywa.

Kisha, katika 2022, ikaja House of the Dragon, ya vitabu vya Martin vilevile. Hapa waandikaji walifanya kazi yao. Mtumishi kijana, Dyana, ameshikwa na mwana wa mfalme, Aegon. Tendo lenyewe hatulioni. Tunamwona Dyana amesimama mbele ya malkia Alicent, mama ya Aegon, anatetemeka, anaeleza kwa sauti ndogo. Malkia anamwambia kwamba anamsadiki. Halafu anamwambia kwamba wengine hawatamsadiki, anamtia feza mkononi, na chai ya kunywa asipate mimba. Dyana anaenda. Hakuna pigo, hakuna damu, na moyo wako unauma kuliko kwa Sansa, maana ile sura unaijua. Umeiona katika nyumba ambamo wazazi wa pande mbili wanaketi, wanahesabu falanga na mbuzi, binti akiwa nyuma jikoni. Kwetu Kongo, sheria ya 2006 inamhukumu mwenye kubaka miaka 5 mpaka 20 ya kifungo. Mbuzi hawamo.

Tena, tangu 2018 kampuni ya HBO, yenye filme hizi zote mbili, inaweka mtu wa kusimamia michezo ya chumbani, ili mwigizaji naye aweze kusema hapana na asikiwe.

Mkiangalia kile kipindi nyumbani, msizime haraka. Muulize binti, na zaidi muulize kijana mwanaume: yule mama alipashwa kufanya nini? Alimgombeza mwana wake, ni kweli. Katika kipindi kinachofuata Aegon anavikwa taji.