Bukavu: Vijana wanatambuliwa ngambo, nyumbani bado

Siku ya salongo, katika kartye za Kadutu, vijana wa Kishi, Kirega, Kibembe na Kifuliru wanashika vitiyo pamoja na kuzibua mitaro ile ile. Mvua ikinyesha na udongo ukiporomoka kwenye mulima, haiulizi kabila la mwenye nyumba. Lugha yao kazini ni moja: Kiswahili.

Vikundi vya namna hii ni vingi katika komine tatu za Bukavu, yaani Ibanda, Kadutu na Bagira. Lakini vingi havina karatasi. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inasema kwamba shirika lisilo la faida linapata utu wa kisheria kutoka kwa Waziri wa Sheria, kisha kupata maoni mazuri ya waziri anayehusika na kazi yake. Wizara hizo ziko Kinshasa, upande mwingine wa inchi. Kwa kijana asiye na kazi, kufuatilia dosye huko ni mzigo. Na bila karatasi hiyo, ni vigumu kufungua konti ya benki au kupata musaada.

Kutambuliwa kwa namna ingine kunaweza kuja mbele. Lucha, mwendo wa vijana uliozaliwa Goma mwaka wa 2012 na kufika hadi Bukavu, ulianza kwa kudai maji na barabara. Hauna rais, wala si wa chama cha siasa. Mwezi wa pili 2016, wanamemba wake sita walikamatwa Goma wakitayarisha siku ya mji kufa. Walihukumiwa miaka miwili, kisha hukumu ikapunguzwa hadi miezi sita. Wakiwa bado gerezani, tarehe 28 Mei 2016, shirika la Amnesty International liliwapa Lucha tuzo la Balozi wa Dhamiri kule Dakar, pamoja na Y'en a marre ya Senegali, Balai citoyen ya Burkina Faso na mwimbaji Angélique Kidjo. Mwaka wa 2017, mmoja wa wale sita, Rebecca Kabugho, alipewa na Marekani tuzo la wanawake wajasiri.

Azimio 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Desemba 2015, linaomba serkali ziwape vijana nafasi katika kutafuta amani. Bukavu nafasi hiyo imekuwa ndogo zaidi tangu waasi wa M23 walipoingia mjini, mwezi wa pili 2025. Mikutano imekuwa hatari, na vijana wengi waliozoea kusema wazi wamehama.

Tuzo linasaidia: jina linalojulikana ngambo ni vigumu kulizima kimya kimya. Lakini wenye kuzibua mitaro wanahitaji pia mambo madogo ya hapa hapa: karatasi isiyochelewa, chumba cha kukutania, na mkubwa wa kartye anayewaita kabla ya kuamua. Mtaro uliozibuliwa wakaaji wanauona. Kilichobaki ni wakubwa waione mikono iliyouzibua.