Wavu wa Tenisi Mbona Umebonyea Katikati?

Je, wajua kwamba wavu wa tenisi hauko sawa? Kwenye nguzo una kimo cha sentimita 107, lakini katikati huvutwa chini kwa mkanda mweupe hadi sentimita 91.4. Sentimita hizo 15 na ushei ndizo zinazomwambia mchezaji wa mstari wa nyuma aupeleke wapi mpira, hasa wakicheza wawili kwa wawili.

Uwanja una urefu wa mita 23.77. Upana kwa wachezaji wanne ni mita 10.97, kwani kila upande huongezwa ujia wa mita 1.37. Anayepiga sambamba na mstari wa pembeni huvusha mpira pale wavu ulipoinuka, tena mpinzani kasimama hapohapo na raketi yake, anausubiri. Anayepiga mshazari, kona kwa kona, hupita kwenye bonde la wavu na hupata njia ndefu zaidi, inayozidi mita 26 kutoka kona hadi kona. Akiukwangua kutoka chini kwenda juu, mpira huzunguka kwa mbele na hewa huusukuma chini. Basi unaweza kupita juu sana ya wavu na bado ukaangukia ndani.

Mshazari una dawa yake, nayo ni mpira wa katikati. Kila mmoja wa wapinzani wawili hudhani ni wa mwenzake, wote wanautazama ukipita! Ndiyo maana wachezaji wazuri huitana mapema, “Wangu!” au “Wako!”, na mmoja akivutwa kulia mwenziwe naye husogea kulia ili pengo lisikue.

Mkenya Angella Okutoyi anaujua mchezo huo wa watu wawili. Julai 2022, akiwa na miaka 18, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon. Walipoteza seti ya kwanza 3–6, wakachukua ya pili 6–4, kisha pointi za uamuzi 11–9. Waliofungwa ni Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Hakuna Mkenya aliyewahi kushinda taji la vijana la Grand Slam kabla yake.

Kwa vijana wa Gando, Pemba, wanaotaka kuujaribu mchezo huu, mazoezi yaanze na kamba ya usumba kati ya miti miwili, ivutwe chini katikati kama ulivyo wavu wenyewe. Vifuu vya nazi viwekwe kwenye kona, hatua moja ndani ya mstari wa nyuma, viwe shabaha. Wanne wanaweza kupiga kwa wakati mmoja, kila jozi na mshazari wake. Ila mchanga wa pwani haufai. Mpira wa kawaida ukiangushwa kwenye saruji kutoka sentimita 254 hudunda kufikia sentimita 135 hadi 147. Mchangani hauinuki, kwa hiyo tafuteni ardhi ngumu iliyoshindiliwa.