Ruzuku ya mbolea: Mbona hela haiji kwenye simu yako?

Umejisajili kijijini, umepata namba, na sasa unasubiri ujumbe wa muamala? Usisubiri. Ruzuku ya mbolea hailipwi kwa mkulima. Serikali inailipa kampuni ya mbolea, wewe unaikuta dukani kama punguzo la bei.

Kwa mkulima wa mahindi wa Nyololo, wilayani Mufindi, punguzo hilo si dogo. Mpango huu ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Mbeya, Nanenane ya 2022, baada ya vita vya Ukraine kupaisha zaidi bei ambazo tayari zilikuwa juu. Serikali ilitenga Sh150 bilioni. Msimu huo mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulishuka kutoka kama Sh131,000 hadi Sh70,000. Urea ya kukuzia ilitoka kama Sh124,000 ikafika Sh70,000 pia. Chukua mfuko mmoja mmoja kwa ekari: umeokoa zaidi ya Sh110,000.

Sasa hela inapitaje?

Unajiandikisha kwenye daftari la wakulima kwa mtendaji wa kijiji: jina, simu, mazao, ukubwa wa shamba. Unapewa namba. Ukifika kwa wakala, anaiingiza kwenye mfumo, anaona una haki ya mifuko mingapi, anaskani alama iliyo kwenye mfuko, unalipa bei ya ruzuku. Rekodi hiyo ndiyo inayotumika kudai serikalini hela iliyobaki.

Soma hapo tena. Rekodi yenye namba yako ni dai la fedha. Mtu akiitumia namba hiyo, mfuko unasomeka umeuchukua wewe, kumbe umeuzwa kwingine kwa bei ya juu. Ukija kununua, unaambiwa mgao wako umeisha. Ndiyo maana kumwachia wakala namba "akutunzie mbolea", au kumwazima jirani, ni hatari hata kama mnaaminiana.

Ujanja huu si mgeni Nyanda za Juu Kusini. Kuanzia msimu wa 2008/09 ruzuku ilikuja kwa vocha za karatasi, za mbolea na mbegu, za kutosha kama ekari moja. Mkulima alitakiwa kuongezea karibu nusu ya bei mfukoni mwake. Wapo walioikosa hiyo nusu, wakamuuzia wakala vocha kwa hela kidogo, naye akaenda kuidai kwa thamani yake kamili. Mfumo wa sasa umeondoa karatasi, lakini nusu ya kulipa mwenyewe bado ipo, na asiye nayo mwezi wa kupanda bado anashawishika vilevile.

Na bei ya ruzuku inaishia dukani. Kama wakala yuko mbali, nauli yako na ya mzigo ni juu yako (bodaboda hana ruzuku).

Kabla ya kwenda, pita kwa mtendaji. Mgao unafuata ekari zilizoandikwa, na taarifa zinatakiwa kuhuishwa kila msimu. Kama mwaka jana uliandika ekari mbili na sasa umekodi nyingine tatu, mfumo bado unakujua kwa mbili. Ukiwa dukani, hakikisha idadi anayoingiza wakala ndiyo mifuko unayobeba, na uombe risiti. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA) ndiyo inayowasajili wauzaji, kwa hiyo ukiona namba yako imetumika bila wewe, malalamiko yapeleke huko na kwa ofisa kilimo wa kata.