Tafuta barua za kikundi kwenye kompyuta yenu, bila bando

Katika vikundi vingi vya ardhi huku Pwani, kumbukumbu zimo makabatini na katika mifuko ya plastiki: maandishi ya mikutano, barua za chifu, risiti za mpima ardhi. Mzozo ukizuka, wazee huambiwa walete barua fulani wiki hiyo hiyo. Barua ipo, ila hakuna ajuaye iko wapi. Kompyuta ya kawaida ya ofisi inaweza kuondoa shida hii, tena bila siri za watu kutoka nje ya chumba.

Programu moja ya bure inayofaa ni Meilisearch. Kwenye kompyuta yenye Ubuntu, andika amri hizi mbili:

curl -L https://install.meilisearch.com | sh
./meilisearch --no-analytics

Ya kwanza huipakua, na kwa programu hii hapo tu ndipo mnapohitaji bando. Ya pili huiwasha na kuizuia isitume takwimu za matumizi kwa watengenezaji. Sasa fungua kivinjari, uandike localhost:7700. Localhost ni kompyuta hiyo hiyo uliyokalia. 7700 ni mlango ambao programu inasikilizia. Utaona ukurasa wenye kisanduku cha kutafutia, ila bado ni mtupu.

Kazi kubwa ni kuujaza. Barua zilizopigwa chapa zichanganue kwa skana, kisha programu ya Tesseract, ambayo ina Kiswahili, izigeuze kuwa maandishi. Za mkono, andika muhtasari. Weka kila barua kwenye mstari wake katika jedwali la CSV lenye safu nne: id, tarehe, sanduku, maandishi. Id ni nambari isiyojirudia. Usisahau sanduku, kwani mahakamani au kwa chifu mtatakiwa kutoa karatasi yenyewe. Kompyuta inawaonyesha tu ilipo. Kisha ipakie:

curl -X POST 'http://localhost:7700/indexes/barua/documents?primaryKey=id' -H 'Content-Type: text/csv' --data-binary @barua.csv

Programu hutengeneza faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu, ndiyo maana jibu huja papo hapo.

Hapa Kiswahili chetu kinaleta tatizo. Programu hizi hutazama zaidi mwanzo wa neno. Ukitafuta "shamba" utapata "shambani", lakini "mashamba" hutaiona. Husamehe kosa moja la herufi kwa neno la herufi tano hadi nane, kwa hiyo "mpaka" italeta "mipaka". Lakini kosa la herufi ya kwanza huhesabiwa mara mbili, hivyo "kiwanja" haileti "viwanja". Mzee atatafuta, akose, na aamini barua haipo. Hilo ni baya kuliko kutokuwa na kompyuta kabisa, maana kabati lingemlazimu aendelee kupekua.

Dawa ni orodha ya visawe katika mipangilio ya programu: shamba na mashamba, kiwanja, viwanja na ploti. Kila neno liandikiwe wenzake, kwa sababu ukisema shamba ni mashamba, programu haitajua kinyume chake. Kaeni na wazee mwandike maneno wanayotumia wao, na majina ya vitongoji yanayoandikwa kwa njia mbili tatu. Mtaalamu wa mjini hana orodha hiyo.

Mwanzoni huduma hii husikika ndani ya kompyuta hiyo pekee. Mkitaka simu za ofisini ziifikie kwa WiFi, iwasheni kwa --http-addr 0.0.0.0:7700, lakini si kabla ya kuweka ufunguo mkuu kwa --master-key, wa herufi 16 au zaidi. Bila ufunguo, yeyote aliye kwenye WiFi hiyo anaweza kusoma kila kitu, hata kufuta. Nambari za vitambulisho vya wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, basi msiziweke kama hazihitajiki.

Mwisho, nakili ile CSV kwenye flashi mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Kompyuta ikiharibika, mtaipakia upya kwenye nyingine na kuendelea.