Barua ya Sheikh Ahmad Yafika Nanganga kwa Simu

Hapa kwetu Nanganga, panapoachana njia ya Masasi na ile iendayo Ruangwa, mtu atakaye kujua dunia imeamkaje hana haja ya kusafiri. Na aketi baada ya sala ya Alasiri karibu na kibanda cha kuchajia simu, asikilize. Vijana watatu wameinamia kioo kimoja kidogo. Mara wacheka kichekesho, mara watikisa vichwa kwa singeli iendayo mbio kama gari lililokatika breki, mara wanyamaza kimya kwa kisomo cha Qur'ani cha msomaji wa Misri. Yote hayo kabla kikombe cha kahawa hakijapoa. Sisi tulikua tukijua kwamba kila jambo lina mahali pake: ngoma uwanjani, kisomo msikitini, soga barazani. Simu imevitia vyote katika mfuko mmoja wa suruali.

Hatusemi haya kwa kulaumu. Wako wenzetu waonao kuwa simu yote ni haramu, na hao hao msimu wa korosho ndio wa kwanza kutuuliza bei ya mnada imefika ngapi. Sisi wenyewe tunayo, na twaitumia kusikilizia tajwidi. Bali limetokea jambo mwaka huu, katika mwezi wa Shaabani, nalo ndilo lililotushikisha kalamu.

Alikuja kwetu mama mmoja jirani, usiku baada ya Isha, amembeba mwanawe mgongoni. Mtoto alikuwa na homa siku ya tatu, macho mazito, midomo imekauka. Baada ya kutuamkia akaomba tumkopeshe shilingi 1,000. Tukadhani ni ya zahanati. Akasema, la, ni ya vocha. Siku nne nyuma alikuwa ameletewa ujumbe katika simu, umwamrishao kuwapelekea watu 20, naye salio lilikuwa limekwisha, hakuupeleka. Ujumbe wenyewe ulisema kwamba mtu mmoja aliyeupuuza alifiwa na mwanawe. "Mwalimu," akatuambia, "mwanangu ameandamwa."

Tuliita bodaboda, tukamfikisha mtoto zahanati usiku ule ule. Akapimwa, akaonekana ana malaria, akapewa dawa ya mseto, na leo, alhamdulillahi, anakimbia. Lakini siku tatu zilikuwa zimepotea, na kila mzazi wa pande hizi ajua malaria yaweza kufanya nini kwa mtoto mdogo katika siku tatu.

Tuliporudi tukauomba ule ujumbe tuusome. Ndugu msomaji, huenda nawe umekwisha uona. Wasema kwamba Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) huko Madina, alimwona Mtume katika ndoto, akaambiwa kwamba Waislamu wengi wanakufa bila imani, kwamba Kiyama kimekaribia, na kwamba watu watubu. Hadi hapo nani atabisha? Toba ni wajibu wetu sote. Kisha ndipo huja mkia wake: atakayeueneza atapata mali na furaha, na asiyeueneza atakosa shufaa na kupatwa na msiba.

Barua hii si ngeni katika nchi yetu ya kusini. Katika mwaka wa 1908 ilizuka Lindi, mji ambao gari litokalo hapa hufika siku hiyo hiyo. Ilipita mkono kwa mkono, ikasambaa pwani na kuingia bara. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa karibuni tu, na Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, wakaingiwa na hofu kubwa. Waliona ni mwito wa vita mpya uliovishwa kanzu ya dini. Wakachunguza kila mahali, wakamshuku Muhammad bin Khalfan al-Barwani, yule aitwaye Rumaliza, mzaliwa wa Lindi aliyekuwa akikaa Unguja. Mpaka leo wanahistoria huiita barua ile Waraka wa Makka, ingawa yenyewe hujitaja kuwa yatoka Madina.

Wala haikuzaliwa Lindi. Mwanachuoni wa Uholanzi, Snouck Hurgronje, aliiandikia makala mwaka 1884, maana ilikuwa imekwisha fika kwa Waislamu wa nchi iitwayo leo Indonesia. Hebu na tupige hesabu: tangu 1884 mlinzi yule yule anaota ndoto ile ile, na Kiyama ki karibu kwa namna ile ile. Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia, aliandika risala nzima ya kuikanusha. Alieleza kwamba aliwauliza jamaa za huyo Sheikh Ahmad, wakamjibu kuwa amezuliwa uongo, hakuyasema hayo kabisa, na kwamba alikwisha fariki zamani.

Wanafunzi wetu wakubwa tuliwauliza: maneno haya mmeyapokea kwa nani? Mmoja akajibu, "Kwenye grupu." Na huyo wa kwenye grupu? "Kwenye grupu jingine." Hapo tukafunga kitabu cha fikihi tukawaeleza juu ya Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, jinsi alivyosafiri nchi kwa nchi akitafuta si maneno tu bali mnyororo wa waliyoyasimulia: fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani, na kila mmoja ajulikane alikuwa mkweli au mwongo, mwenye kukumbuka au msahaulifu. Simu nayo ina mnyororo, ila hauna majina. Ujumbe uliokwisha pita mikono mingi huwekewa mishale miwili midogo juu yake, na vijana wetu, Mungu awahidi, waliidhania mishale hiyo kuwa ni muhuri wa ukweli! Tuliwafungulia Suratul Hujurat, aya ya 6, iamrishayo kuchunguza habari kabla ya kuitendea kazi, tukawaacha waisome wenyewe.

Serikali imeweka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nayo yamtia hatiani mwenye kutangaza uongo kwa kusudi la kuwadanganya watu. Lakini mama yule hakukusudia kumdanganya yeyote. Aliogopa tu, kama alivyoogopa aliyemletea. Askari atamkamata nani, Sheikh Ahmad?

Basi tulimwita yule mama pamoja na mumewe, tukamsomea habari hizi zote, za Lindi na za risala ya Madina. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akainamisha macho, akasema, "Lakini mwalimu, si wewe uliyetuandikisha?"

Tulinyamaza, kwa kuwa ni kweli. Yapata miaka 25 sasa, tulipokuwa bado vijana katika kazi hii, tuliletewa fotokopi ya barua ile ile. Hatukuuliza imetoka wapi. Tuliisoma baada ya sala ya Ijumaa, na siku ya pili tukaona ni zoezi jema la hati, tukawaamuru watoto wa chuo kila mmoja ainakili mara tatu. Aliyeharibu mstari alirudia. Mama huyu alikuwa na umri wa miaka tisa, mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote, na tulimsifu mbele ya wenzake.

Tumelitafuta daftari la mahudhurio la mwaka ule, tumelipata limeliwa na mchwa pembeni. Watoto walikuwa 31. Sita wako hapa hapa Nanganga, nao tumekwisha wafikia nyumba kwa nyumba tukawaambia kwamba tulikosea. Wengine wako Masasi, Mtwara na Dar es Salaam, na hao tunawapigia simu mmoja mmoja, kadiri salio linavyoruhusu. Wa mwisho tuliyempata alitusikiliza, akacheka kidogo, kisha akatuuliza zile nakala zetu zilikwenda wapi. Tukamjibu kwamba tuliwapa madereva wa magari ya Newala.