Je, Bella ni mfano mwema kwa binti yako?

Ukiinua mto wa kitanda cha binti yako wa miaka 15, huenda ukakuta kitabu kilichochakaa pembe. Hakitakuwa cha hisabati. Katika miaka ya 1980 na 1990 kingekuwa Mills & Boon au Sweet Valley High, vitabu vilivyozungushwa katika mabweni ya shule za wasichana hadi majalada yakang'oka. Baadaye kikaja Twilight. Siku hizi hadithi za aina hii hata hazihitaji kufichwa chini ya mto, kwani husomwa kwenye simu, usiku wa manane, taa zikiwa zimezimwa.

Aghalabu mzazi akipata kitabu kama hicho huogopa jambo moja tu: ngono. Hupekua kurasa haraka haraka, na asipoona mambo ya aibu, hushusha pumzi na kukirudisha mahali pake. Hata hivyo, kuna swali jingine lenye uzito zaidi kwa afya ya mtoto wako. Msichana anayesifiwa katika hadithi hiyo anamfunza binti yako kuvumilia nini?

Bella ni nani?

Tumchukue Bella Swan, mhusika mkuu wa Twilight. Aliumbwa na mwandishi wa Marekani, Stephenie Meyer, katika vitabu vinne vilivyochapishwa kati ya 2005 na 2008. Vitabu hivyo vimeuza zaidi ya nakala milioni 100 duniani, na filamu tano zilizotokana navyo zilitolewa kati ya 2008 na 2012.

Bella ana miaka 17. Anahamia mji mdogo wa Forks, katika jimbo la Washington, kuishi na babake ambaye ni mkuu wa polisi. Shuleni anampenda Edward Cullen, kijana mtanashati ambaye kumbe ni mnyonya damu, kile kiumbe cha hadithi za Wazungu kinachoishi kwa kunywa damu. Edward aliacha kuzeeka mwaka wa 1918 akiwa na miaka 17, na amebaki hivyo.

Tumtendee Bella haki. Anapenda kusoma, anampikia babake na hana tamaa ya mavazi ya fahari. Edward naye ndiye anayekataa walale pamoja kabla ya ndoa. Wazazi wengi wangemkaribisha sebuleni kijana wa namna hiyo na kumwandalia chai.

Zimwi lenye sura nzuri

Sasa ondoa meno ya mnyonya damu, ondoa gari la kifahari na ule uso wa kupendeza, kisha usome yanayobaki.

Usiku kijana anaingia katika chumba cha msichana bila ruhusa na kumtazama akilala. Bella anapogundua, hachukii, bali anaona amependwa. Katika kitabu cha tatu, Edward anachomoa kifaa katika injini ya gari la Bella ili asiende kumtembelea rafiki yake Jacob. Halafu anampa dadake kazi ya kumchunga. Jacob naye anambusu Bella kwa nguvu. Bella anampiga ngumi mpaka mkono wake mwenyewe unaumia, na babake anapopata habari anampongeza kijana badala ya kumkemea.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Bella ana bahati kwamba zimwi lake limeandikwa na mtu aliyekwisha kuamua kuwa hataliwa. Binti anayeishi Umoja, Bamburi au Nakuru hana mwandishi wa kumwokoa katika ukurasa wa mwisho. Kwake, mvulana anayemfuatafuata na kumtenga na marafiki anaweza kuwa hatari kweli kweli.

Utasema kwamba hizo ni hadithi tu, na kila mtu anajua wanyonya damu hawako. Ni kweli. Lakini mnamo 2015 mtafiti Julia Lippman wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alichapisha uchunguzi kuhusu jambo hili. Aliwaonyesha wanawake filamu mbalimbali. Baadhi yao walitazama filamu ambamo mwanamume anayemwandama mwanamke asiyemtaka anaonyeshwa kuwa mpenzi wa kweli. Wale walioiona filamu hiyo kama kitu cha kweli, au waliozama ndani yake kabisa, walielekea zaidi kuona kuandamwa hivyo si jambo baya sana. Nani huzama katika hadithi kuliko msichana wa miaka 15?

Katika miji yetu tabia hizi hazina mabawa wala meno. Mvulana anadai nambari ya siri ya simu ya binti yako. Anataka apigiwe picha papo hapo ili ajue yuko wapi na yuko na nani. Anakasirika akichelewa kujibiwa, kisha analia na kusema ni wivu wa mapenzi.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mnamo 2024 kwamba miongoni mwa wasichana waliowahi kuwa na mpenzi au mume, karibu robo yao, yaani asilimia 24, huwa wamepigwa au kudhulumiwa kimapenzi naye kabla hawajatimiza miaka 20. Januari mwaka huo huo maelfu ya watu waliandamana Nairobi na katika miji mingine nchini kupinga mauaji ya wanawake. Si kila mvulana mwenye wivu huishia kuua, la hasha. Lakini msichana aliyefunzwa kwamba kuchungwa ni kupendwa atachelewa kutambua hatari.

Moyo ukivunjika

Katika kitabu cha pili Edward anamwacha Bella, na hapo ndipo madaktari wangekunja uso zaidi. Bella anazimika kama taa. Mwandishi anaacha kurasa zenye majina ya miezi tu, Oktoba hadi Januari, kuonyesha kwamba msichana hana maisha tena. Anapiga mayowe usingizini na kujitenga na wenzake. Kisha anaanza kujitia katika hatari makusudi, kwa kuwa anapokuwa hatarini husikia sauti ya Edward akilini. Edward naye, akidhani Bella amekufa, anasafiri hadi Italia kutafuta kifo.

Kitabu kinayaita hayo mapenzi makuu. Daktari angeyaita dalili. Huzuni baada ya kuachwa ni jambo la kawaida, na kwa kawaida hupungua polepole. Lakini binti yako akipoteza usingizi au hamu ya chakula, akiacha mambo aliyoyapenda, akijitenga na kushindwa na masomo, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki mbili au zaidi, huenda ana ugonjwa wa dipresheni. Ugonjwa huu unatibika. Akitamka kwamba afadhali afe, usimcheke wala usimkaripie. Kaa naye, usimwache peke yake, na umpeleke kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Harusi na mimba

Katika kitabu cha nne Bella anaolewa akiwa na miaka 18. Chuo kikuu kinawekwa kando. Usiku wa harusi unamwacha na michubuko mwilini kwa sababu ya nguvu za mumewe, na ni Bella anayembembeleza mume asisikitike. Anapata mimba papo hapo, mimba inamvunja mbavu, na anaponea kwa kugeuzwa kuwa mnyonya damu.

Kwetu hakuna dawa ya namna hiyo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022 uligundua kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Kote duniani, matatizo ya ujauzito na uzazi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wasichana wa umri huo. Isitoshe, mama asiyetimiza miaka 20 yumo katika hatari zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko mwanamke wa miaka 20 hadi 24.

Meyer amejitetea. Amesema Bella hufanya uamuzi wake mwenyewe. Tena mnamo 2015 aliandika hadithi hiyo upya, safari hii mvulana akiwa binadamu na msichana mnyonya damu, kuwajibu waliodai kwamba Bella ni mwanamke dhaifu wa kuokolewa kila mara. Jibu hilo lina maana, kwani mvulana pia anaweza kutawaliwa na mpenzi wake. Lakini kubadilisha jinsia hakubadilishi somo. Anayechungwa bado anachungwa.

Usikichome kitabu

Basi ufanye nini? Kuchoma kitabu au kunyang'anya simu hakutasaidia. Wasomaji wa Kiswahili wanamkumbuka Rosa katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka wa 1971. Babake, Zakaria, alimpiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa hakujifunza kuchagua mpenzi. Alijifunza kuogopa, na alipopata uhuru hakujua autumie vipi. Mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha.

Afadhali usome kitabu hicho mwenyewe, kisha uulize maswali bila kuhukumu. Je, ungejisikiaje ukiamka na kumkuta mtu amesimama kando ya kitanda chako? Kama Edward angekuwa na sura ya kawaida na mfuko mtupu, bado ungesema anapenda? Bella alikuwa na marafiki gani mwanzoni, na mwishoni amebaki na nani? Mwache ajibu. Usikimbilie kuhubiri, maana mtoto anayehubiriwa hufunga masikio, na siku atakapokuwa na shida hatakujia.

Nawe binti unayesoma ukurasa huu wa wazazi, soma hadithi zako na ufurahi. Mwige Bella kwa ujasiri wake wa kusema anachotaka. Lakini mpenzi mwema anapoambiwa la, hunyamaza na kuheshimu. Hakuchungi na hakutengi na nyumbani kwenu, na masomo yako hayamtishi. Ukiwa na mtu anayekutia hofu, mwambie mama, shangazi au mwalimu unayemwamini. Unaweza pia kupiga simu bila malipo kwa nambari 116, inayohudumia watoto, au 1195, inayowasaidia waliodhulumiwa. Piga hata kama huna hakika kwamba unayotendewa ni makosa.